Nilivyostaafu Kazi ya Kutia Maji ya Moto

Nianze na upumbavu, maana ndio uliotangulia kila kitu. Nilisimama katikati ya kilabu cha kijiji chetu, birika la maji ya moto mkononi, nikawatangazia wazee waliokuwa wameinamia vyungu kwamba Mjomba Fidelisi hakurudi na moyo wake.

"Ule wa zamani madaktari waliung'oa," nikasema. "Wakamwekea wa Mzungu mmoja aliyekufa kwa ajali. Ndiyo maana siku hizi hataki pombe, anataka chai."

Kilabu kizima kilicheka. Mzee Kapele, ambaye kwa kawaida hucheka pale tu mtu anapoanguka, alipaliwa hadi mrija ukamtoka mdomoni. Nami nikainama mbele yao kama mcheza ngoma aliyetuzwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, niko darasa la saba, na sikuwa nimewahi kusikia kwamba kuna mtu aliyeumia kwa sababu watu wamecheka.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu mnaobaki na mabirika. Anayewaandikia ni mstaafu. Najua nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili pale mjini Sumbawanga na hesabu bado inanifukuza darasani. Hiyo haiondoi ukweli kwamba nilifanya kazi moja kwa miaka minne, tangu darasa la nne hadi la saba, na kazi hiyo nimeiacha moja kwa moja. Wazee wa maofisini wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi sikupewa. Saa pekee niliyoijua vizuri katika kazi yangu ilikuwa ndani ya kifua cha mtu, na nitaifikia.

Kwanza kazi yenyewe, maana naona mnaiharibu.

Mama yangu alikuwa mpishi wa kimpumu, na ana kona yake kilabuni mpaka leo. Mnajua kimpumu hakinywewi kwa kikombe. Ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa, unaachwa uchachuke, halafu unajazwa kwenye chungu ukiwa mzito. Watu wanne au watano wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake wa tete wenye kichujio nchani, na wewe kijana unatia maji ya moto. Wananyonya, unaongeza. Wananyonya tena, unaongeza tena, mpaka ulezi uishiwe nguvu na wazee waanze kusema ukweli.

Maji yasitoke jikoni yakitokota. Yaacheni yatulie kwa muda wa kusema Baba Yetu mara mbili, polepole, si kama mnavyosali shuleni. Mimineni kwenye ukingo, yateremke na ukuta wa chungu. Ukimimina katikati unatibua machicha, mirija inaziba, na utatukanwa kuanzia wewe mpaka babu wa babu yako. Tena msimimine wakati mtu anasimulia jambo la marehemu. Subirini amalize. Hilo sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na kofi.

Mengine nilifundishwa na Bibi Leokadia, mfinyanzi, ambaye vyungu vyote vya kilabu vilitoka mikononi mwake. Hakuwa na jino hata moja, lakini maneno yake yaliuma. Siku moja alinikuta nasugua chungu kwa majivu na mchanga, nataka king'ae. Alinipiga mwiko kiganjani.

"Nani amekutuma uoshe?"

"Kichafu, Bibi."

"Si kichafu, kimeshiba. Pombe imeingia kwenye udongo wenyewe. Ukikisugua unaitoa, halafu pombe ya mama yako itachelewa kuchachuka mtuletee uji. Hicho ukiweka hata maji ya ubatizo, kesho yatakuwa na povu."

Nilicheka sana hapo kwenye maji ya ubatizo. Nikayarudia kwa wenzangu wiki nzima, nikiiga na midomo yake isiyo na meno. Nilishika kichekesho, fundisho nikaliacha palepale. Kumbukeni hapo.

Mjomba Fidelisi ni kaka yake Mama. Wakati tunahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari kama wanafunzi gwaride, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kufundisha maksai wa shamba la kijiji kulima. Maksai wake wawili wa mbele aliwaita Siasa na Kilimo. Kilimo alikuwa anafanya kazi, Siasa alikuwa anapiga kelele. Mjomba alisema hayo mbele ya katibu wa tawi na hakufungwa, ndipo mjue alivyopendwa.

Kilabuni alikuwa na nafasi yake, chungu cha karibu na mlango, yeye na Mzee Kapele na wengine watatu. Kengele ya kumaliza kazi ya shamba la kijiji ikigongwa saa tisa, saa tisa na nusu wamekaa. Akikosekana, mrija wake ulilazwa juu ya mdomo wa chungu na hakuna aliyeikalia nafasi yake.

Kisha akaanza kuhema. Akilima mkondo mmoja anakaa chini. Miguu ikavimba. Hospitali ya mjini wakasema mlango mmoja wa moyo haufungi, umeharibika tangu homa za utotoni. Alipelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko serikali ikampeleka nje ya nchi. Miezi saba. Mama alishamwomba padre misa mbili, moja ya kupona na moja ya ile nyingine, akaificha ile ya pili asiijue mtu.

Akarudi. Alikuwa mwembamba, ana kovu kutoka chini ya koo mpaka juu ya tumbo, na ndani yake kuna mlango mpya wa chuma. Mlango ule unasikika. Mtu akinyamaza karibu naye anasikia: tik, tik, tik. Kanisani baada ya komunyo, watu wote kimya, sisi watoto wa benchi la nyuma tulikuwa tunautikisia vichwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza.

Alirudi na sharti pia. Bwana Mganga wa zahanati alikuja nyumbani kumweleza Mama, nami nipo nakoka moto.

"Anameza vidonge vya kuzuia damu isigande kwenye kile chuma. Atavimeza mpaka kufa. Pombe na vidonge hivyo havipatani. Akinywa, damu itakataa kusimama, itatoka puani, itatoka tumboni, utamwangalia tu. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Na jambo la pili. Kifua kimefunga vizuri, mwenyewe bado. Wengi wakifunguliwa hivi hushikwa na majonzi, na wengine huyakimbiza kwa pombe. Msimwache akae peke yake."

Mjomba alitii. Pombe aliacha siku hiyohiyo. Lakini alikuja kilabuni, akakaa kwenye nafasi yake na kikombe chake cha chai ya mkandaa isiyo na sukari, maana sukari yenyewe ilikuwa ya kusikia redioni. Alikaa, akataniwa, akatania. Ilikuwa inatosha.

Mpaka nilipofungua mdomo wangu.

Maana redio ya kijiji ilikuwa imewahi kusema kwamba huko duniani madaktari wanaweza kumtoa marehemu moyo wakampa aliye hai. Kila mtu aliisikia. Mimi nilichofanya ni kuunganisha tu waya mbili. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya tatu walikuwa hawacheki, walikuwa wanauliza. Wiki iliyofuata Mjomba alipoingia, Mzee Kapele alivuta kigoda chake kidogo pembeni. Mwingine akaufunika mdomo wa chungu kwa kiganja, kama mtu anayekinga inzi.

"Ndugu Fidelisi," akasema Mzee Kapele, hamtazami, "si kwa ubaya. Ila sisi hatujui huyo uliyenaye alikufa na nini."

"Niliyenaye nani?"

Kimya kikawa kikubwa, na ndani ya kile kimya kila mtu akasikia: tik, tik, tik. Mjomba aliweka kikombe chini, akatoka. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, na maji yakapoa mkononi mwangu.

Hakurudi. Akawa anashinda nyuma ya zizi, ameegemea boriti, upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba unampiga na yeye hajifuniki. Chakula anakigusa tu. Vidonge Mama anamhesabia kiganjani kama mtoto. Jioni moja, jua bado liko juu, Mama alinituma nimpelekee uji.

"Kasiani," akaniambia, "nikuulize kitu usicheke."

"Sicheki, Mjomba."

"Wanasema moyo huu si wangu."

Nikatazama uji.

"Daktari aliniambia wamebadilisha mlango tu. Kitu kidogo, kama kifuniko cha soda. Lakini mimi nilikuwa nimelazwa usingizi. Nani alikuwa macho wa kunihakikishia?" Akanyoosha mkono kwa Siasa, na yule maksai akageuza masikio, akarudi nyuma hatua moja. "Umeona? Hata wao wanasikia. Nimewafuga tangu ndama. Mimi mwenyewe nikiamka sijui aliyeamka ni nani."

Hapo, wadogo zangu, ndipo mahali pa kusema. Sentensi moja tu: Mjomba, ni mimi niliyetunga. Nilikuwa nayo ulimini kabisa. Nikasema, "Uji utapoa."

Basi mzaha ukinishinda huwa nageukia ujanja. Nikapiga hesabu: Bwana Mganga anasema asikae peke yake, na anasema asinywe. Kinachowakutanisha wanaume hapa ni chungu. Nikimpa chungu kisicho na pombe, nimetimiza yote mawili, na sihitaji kukiri chochote. Nilijiona nafaa kuwa waziri.

Nikamfuata kwanza Mzee Kapele. Nilimwambia kwamba Bwana Mganga amenihakikishia moyo ni wa Mjomba mwenyewe, na kwamba Mjomba amepewa dawa ya kienyeji ya chunguni ambayo lazima ainywe kilabuni. Uongo juu ya uongo. Mzee Kapele alikuna kidevu.

"Moyo ni wake?"

"Ni wake, shikamoo."

"Ulishanisalimu asubuhi. Haya, mlete. Kigoda chake kinanitazama vibaya."

Togwa ya ulezi niliipika mwenyewe, tamu, haijachachuka. Mjomba nilimwambia ni togwa, na Mama nilimwambia ni togwa, na Mama akafurahi mpaka akanipa ulezi wake mzuri wa kuoteshea. Sasa chungu. Kulikuwa na sufuria nyumbani. Kulikuwa na debe. Lakini nani anakaa na wanaume akinyonya debe? Nilitaka afanane nao. Nikachagua chungu cheusi kuliko vyote, cha zamani, chenye mdomo uliong'arishwa na mikono ya watu. Kilekile nilichopigiwa mwiko.

Siku ya kwanza Mjomba aliingia akisitasita kama bibi harusi. Nikaweka chungu chake kando ya kile kikubwa, mirija ikakaribiana. Mzee Kapele akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Mzungu, karibu."

"Asante, mzee. Huko kwetu Ulaya tunakaa popote."

Wakacheka, na yeye akacheka mpaka akashika kovu. Nilimimina maji ukingoni taratibu. Sikuwa nimewahi kufanya kazi yangu vizuri kama siku ile.

Kila jioni nilikirudisha chungu nyumbani, nikakiweka karibu na mafiga kwa sababu ya baridi. Kesho yake naongeza togwa mpya juu ya ile iliyobaki. Sikukiosha. Nilikuwa nimefundishwa chungu hakioshwi.

Siku ya tatu nikaona povu. Nikalipuliza, nikajisifu kwamba maji yangu yana moto mzuri. Siku ya nne Mjomba aliimba wimbo wa kulimia, ule anaowaimbia maksai, na mashavu yake yalikuwa na rangi. Mama alisimama kwenye mlango wa kilabu na kapu lake kichwani akimsikiliza kaka yake, halafu akageuka haraka ili tusimwone uso. Mimi mtaalamu wa miaka minne, ninayejua chungu kilichochoka kwa kukiangalia tu, sikuuliza togwa gani inamwimbisha mtu.

Siku ya sita, saa kumi hivi, Mjomba alikuwa anamweleza Mzee Kapele jinsi chakula cha hospitali za ng'ambo kisivyo na chumvi. Tone la damu likaanguka kwenye goti lake. Akalifuta. Likaanguka la pili. Akainua kichwa, damu ikaanza kutiririka puani, na haikusimama. Alibanwa pua, haikusimama. Akawekewa maji baridi kichwani, haikusimama. Bwana Mganga alikuja mbio amevaa kandambili mguu mmoja.

"Amekunywa nini huyu?"

"Togwa," nikasema. "Togwa tu."

Mama alikuwa ameshafika. Hakuniuliza. Alipiga magoti mbele ya chungu cheusi, akaushika mrija wa kaka yake, akanyonya mara moja, akatema chini. Miaka yote amepika pombe, alihitaji kuonja mara moja tu. Aliinua chungu kile kwa mikono miwili, akakitoa nje, akakiweka chini ya ukuta polepole kabisa. Ningependa angekivunja.

Bahati lori la Bwana Salumu, mfanyabiashara wa Mazwi pale mjini, lilikuwa limeleta chumvi na mafuta ya taa kwenye duka la kijiji. Bwana Salumu hakushusha hata mzigo uliobaki. Walimlaza Mjomba juu ya magunia, Mama amempakata kichwa, khanga yake ya juu imekuwa nyekundu yote. Mzee Kapele alipanda nyuma bila kuulizwa. Mimi nilibaki barabarani, na nilipogeuka, wazee wote walikuwa wamesimama wakiangalia lori. Miaka minne ya kuchekesha, sikuwa na hata neno moja la kuwapa.

Aliongezewa damu hospitalini. Siku mbili hatukujua kama atapona. Siku ya tano nikaruhusiwa kumwona. Nilipofika kitandani Mama alikuwa ametoka kwenda kuchota maji. Mjomba alikuwa na rangi ya majivu, lakini macho yake ni yeye.

"Nilijua siku ya tatu," akasema kabla sijamsalimu. "Chungu kilianza kuniuma ulimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekiondoa. Na kingeondoka na watu wake." Akapumua. "Nilijiambia leo tu. Kesho yake nikajiambia leo tu. Wewe hukunidanganya, Kasiani. Nilijidanganya."

Nikaona kwamba ananibebea mzigo wangu, na yeye hata kikombe hawezi kukibeba. Ndipo ikanitoka.

"Mjomba, ni mimi niliyesema moyo si wako. Niliitunga. Hakuna aliyeniambia, niliisikia tu redioni habari ya watu wengine huko. Nilitaka wacheke."

Wodi ilikuwa kimya, nikaisikia saa yake.

"Wewe?"

"Mimi."

"Si daktari? Si barua kutoka ng'ambo? Hakuna aliyeona kitu?"

"Hakuna, Mjomba. Mimi tu."

Akapeleka kiganja kwenye kovu, akakiacha hapo, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Machozi yalimtoka kwa pembeni yakaingia masikioni.

"Basi huu ni wangu," akasema. "Basi ni wangu."

Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji. Sijui alisimama tangu neno gani. Aliiweka ndoo, akanishika bega, akanitoa mpaka barazani.

Sasa namalizia, wadogo zangu. Mjomba yuko hai. Hafundishi tena maksai, anawafundisha wanaofundisha, na Siasa ameshaizoea ile saa. Zipo siku majonzi humrudia, akakaa nyuma ya zizi, na sisi tunakwenda kukaa naye, hatuna cha kumwambia na hatutafuti. Mzee Kapele anapopita humpigia kelele, "Mzungu, hujambo?" na Mjomba humjibu matusi ya Kifipa ambayo hayafai kuandikwa na mwanafunzi.

Birika langu mnalo ninyi. Mimineni ukingoni. Atakayekuja na chai mwachieni kigoda chake, wala mtu asivute chake pembeni. Na chungu kilichoshiba msimwekee mgonjwa hata maji.

Mimi sikustaafu kwa barua. Nilistaafishwa pale barazani, na haya ndiyo aliyosema Mama, sikuongeza wala kupunguza:

"Birika hulishiki tena, leo ndiyo mwisho. Ukifika kijijini nenda kilabuni, simama palepale uliposimama siku ile, useme ulivyosema humo ndani. Halafu pita kwa Bibi Leokadia, mwambie nataka chungu kipya ambacho hakijawahi kuona pombe. Na ukakate mirija miwili, mmoja wa mjomba wako, mwingine wangu."